Hio lavenda yako iko na nini ndani?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu haya mambo ya mafuta ya kunukia, zile chupa ndogo za kahawia zenye zimejaa kila saluni na kila stoo ya tao siku hizi, na tangu hapo simu haijapumzika. Wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nitajuaje kama yamechakachuliwa? Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha, na kama lako halipo usikasirike, huenda limejibiwa ndani ya la mwenzako.

*Sasa dada wa maabara. Mimi niko na saluni Kayole na nyuma kuna kachumba ka masaji. Lavenda nanunua kwa jamaa mmoja tao, mils 100 kwa bei poa sana. Juzi kasitoma wawili wamesema wanawashwa mgongo, nikajiwekea tone moja kwa mkono kabla hata sijazimua, nusu saa baadaye mkono bado unateleza kama nimetoka kukaanga chapo. Nikamrudia jamaa, akanitumia pdf kwa WhatsApp, imejaa milima milima, imeandikwa linaloli asilimia 34, asetati ya linalili 36, kafuri haifiki 1. Ati hio ndio GC na mafuta ni safi kabisa, nikitaka kusumbua niende kwa mwingine. Niamini karatasi ama mkono? — Msusi wa Kayole*

Dada, amini mkono. Na karatasi pia inaweza kuwa ya kweli, hapo ndio utamu wa hii story uko.

Wacha nikueleze hio mashine kwanza. GC ni kromatografia ya gesi. Ndani kuna bomba jembamba mno, tundu lake robo milimita, urefu mara nyingi mita 30, limekunjwa kama koili na kuwekwa ndani ya oveni. Unadunga mafuta kidogo sana na sindano, hata tone zima halifiki, mahali penye joto la digrii kama 250, yanageuka mvuke na gesi ya heliamu inausukuma huo mvuke ndani ya bomba. Sasa fikiria watu wameshuka gari moja Railways wote wanaelekea Kenyatta Avenue. Kuna mwenye anapita tu mbio, kuna mwenye anasimama kila kibanda kuuliza bei ya soksi. Walianza pamoja lakini hawafiki pamoja. Mvuke nao ni hivyo, kila kemikali inashikwashikwa na ukuta wa bomba kwa kiasi chake, oveni inapanda polepole kutoka digrii 60 hivi mpaka 240, na kila moja ikitoka inachora mlima wake. Ukiunganisha na mashine ya pili, ile MS, yaani spektrometa ya masi, kila kinachotoka kinapigwa na elektroni kinavunjika vipande, na vile vipande ndio alama yake ya vidole, kompyuta inalinganisha na maktaba inakuambia huyu ni fulani.

Mashine tamu sana, miaka yote hii bado napenda kuiangalia ikichora. Lakini zile asilimia ni asilimia za vitu vilivyotoka. Mafuta ya kupika hayatoki. Ni mazito, kwa joto hilo hayarukii kwa bomba, yanabaki pale mlangoni yakiungua. Kwa hivyo chukua lavenda halisi mils 70, ongeza mils 30 za mafuta ya alizeti, dunga: mashine itakwambia linaloli 34 na asetati ya linalili 36, zile kemikali mbili kubwa za lavenda, vile vile kama hakuna kitu umeongeza. Ni kama makanga anahesabu abiria walioshuka steji ya mwisho na huku kuna mtu amelala kiti cha nyuma.

Mara ya kwanza kukutana na hii nilikuwa bado mchanga kazini. Tulipima sampuli karibu kumi za mteja mmoja, zote karatasi ni safi, halafu mashine ikaanza kuleta milima imelegea imevuta mikia. Nikafungua pale pa kudungia, kuna kakioo kadogo kama mrija wa soda kanakaa hapo, kanafaa kuwa kasafi. Nikakatoa kamekuwa ka kahawia, kananata, kananuka sufuria ya mandazi ya jioni. Mteja alikuwa anauza theluthi ya mafuta ya kupika kwa jina la lavenda na sisi tunampigia muhuri.

Tangu siku hio sikubali ripoti ya GC pekee yake. Unapima pia uzito: mils moja ya lavenda inafaa kuwa kati ya gramu 0.878 na 0.892, na alizeti ni kama 0.92, kwa hivyo ukichanganya namba inasogea juu. Unapima vile mwanga unapinda ukipita ndani, na vile unavyozungushwa, sababu lavenda huzungusha mwanga kwenda kushoto na mafuta ya kupika karibu hayazungushi kabisa. Ama unafanya ile ya kizamani yenye mimi naipenda kuliko zote, unapima gramu tano kwa kisahani, unapasha joto mpaka yenye ya kuruka yaruke, unapima tena chenye kimebaki. Ama unamwambia wa GC aweke kipimo cha ndani, yaani kemikali moja yenye yeye mwenyewe amepima uzito akaitia kwa sampuli, ndio ajue ni gramu ngapi zimetoka kwa kila gramu iliyoingia. Hapo yule wa kiti cha nyuma anapatikana.

Sasa kwa jamaa yako muulize vitu viwili. Namba ya bechi iliyo kwa ripoti ni ile iko kwa chupa yako? Manake nimeona pdf moja ikizungukia wauzaji watatu, hata tarehe hawajabadilisha. Na je, kuna kipimo cha uzito kwa hio ripoti ama ni milima tu? Akianza kukasirika tena umeshapata jibu.

Kuwashwa ni mambo mengine kidogo. Mafuta ya kupika si ndio huwasha. Linaloli ikikaa sana ikipigwa na hewa hugeuka kuwa kitu kingine chenye ngozi za watu wengi hazielewani nacho, kwa hivyo huenda pia ni mazee, ama kuna manukato ya kiwandani ndani. Acha kuyatumia kwa kasitoma kwanza. Na zimua kila wakati, hata yakiwa safi.

*Dada habari. Kuna meseji inazunguka kwa grupu yetu ya kina mama, ati ukitaka kujua mafuta ni orijino weka tone kwa karatasi, ama weka friza yakiganda ni feki, ama tia kwa maji yakizama ni feki. Nimetia mafuta yangu ya karafuu yenye shemeji alinibebea kutoka Pemba, yakazama tu! Sasa sijui nimwambieje shemeji. — Mama Wawili, Donholm*

Usimwambie kitu, mama, mpigie umshukuru. Karafuu huzama! Mils moja yake ni gramu 1.04 mpaka 1.06, maji ni 1, sasa unataka ielee na nini? Mimi hio huwa naonyesha watoto wa shule wakija kutembea: glasi ya maji (ya kioo tafadhali, karafuu inaharibu zile za plastiki nyepesi), tone la mkaratusi linabaki juu limetandaa, tone la karafuu linaning'inia kidogo pale juu kama linafikiria, halafu linashuka polepole likiwa duara kama shanga ya manjano mpaka chini. Ingeelea vizuri hio ndio ungenipigia.

Ya friza nayo haina maana sana. Ni kweli mafuta mengi ya kupika huganda, lakini waridi halisi huanza kuganda hata kabla ya friza, kuna nta ndani yake, na ni kati ya mafuta ghali zaidi duniani, inataka tani kama 3 au 4 za maua kutoa kilo moja. Ukitupa hio kwa sababu imeganda utalia.

Ya karatasi ndio iko na akili. Chukua karatasi nyeupe ya kuprinti, weka tone moja, na kando yake weka tone la mafuta ya kupika ya jikoni kwako, andika na kalamu ipi ni ipi, kaa nayo mpaka kesho. Lavenda, mkaratusi, ti-trii, rozmari, hizi zinaruka zote, karatasi inabaki kavu. Kukibaki duara lenye ukiliinua kwa dirisha linapitisha mwanga kama gazeti la kufungia samaki, kuna mafuta ya kupika ndani. Lakini ujue yenyewe ni ya kukamata mwizi mjinga tu. Akizimua na spiriti ama na manukato ya kiwandani, vyote vinaruka, karatasi itakauka safi kabisa na utaenda kulala umefurahi. Na ya ndimu na machungwa yaliyokamuliwa kwa maganda huacha alama kidogo hata yakiwa halisi, mazito kama ya msandali nayo yanachukua siku nyingi.

Na kwa sababu umetaja Pemba, acha niongeze. Mafuta ya karafuu hayatoki kwa karafuu peke yake, watu hukeneka (yaani hutoa mafuta kwa mvuke) pia majani na makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, ndio bei rahisi. Yujenoli, ile yenye harufu ya daktari wa meno, iko kwa yote, na hata huwa nyingi zaidi kwa majani na makonyo. Kwa hivyo muuzaji akikuringia ati yake ina yujenoli asilimia 92, anajichoma mwenyewe. Karafuu yenyewe huwa kati ya 75 na 88, lakini iko na asetati ya yujenoli kuanzia asilimia 4 mpaka 15, na hio ndio majani na makonyo hayana ya maana. Ukiona ripoti haina hio asetati, karafuu hazikuingia kwa mtambo.

*Niaje. Mimi ni mwanafunzi wa kemia Juja. Swali langu ni simpo, kama namba za lavenda zinajulikana, nini inanizuia kununua linaloli ya kiwandani na asetati yake nichanganye mpaka nipate 34 na 36? GC si itapita? — Kemisti wa Hosteli*

Kijana wangu, hujakuwa wa kwanza kufikiria, na nashukuru umeniandikia mimi sio muuzaji.

Itapita kwa mtu mvivu. Kwa mtu macho hapana. Kwanza ya kiwandani huja na wageni wake, dihidrolinaloli na dehidrolinaloli, vimilima vidogo sana pembeni mwa mlima mkubwa, vyenye mmea hautengenezi. Mtu akisoma milima mikubwa tu hataviona, ukikuza mchoro viko hapo. Halafu kuna vitu vidogo vyenye lavenda hutengeneza na wewe hutakumbuka kununua, kama lavanduloli na asetati yake. Mpishi anaweka nyama na viazi, anasahau chumvi.

Ukisafisha hizo zote kuna mambo ya mikono. Linaloli iko na mkono wa kushoto na wa kulia, kama glavu za mtu wa boda: uzito mmoja, ngozi moja, mshono mmoja, lakini jaribu kuvaa ya kushoto kwa mkono wa kulia. Lavenda hutengeneza karibu mkono mmoja tu. Kiwanda cha kawaida kinakupa nusu kwa nusu. Bomba la kawaida haliwezi kuzitofautisha, mpaka ulipakwe siklodekstrini ndani, ni sukari zimeshikana duara, zinatengenezwa kutokana na wanga. Hio duara nayo ina mkono wake, inasalimia mmoja kwa muda mrefu kuliko mwingine, sasa badala ya mlima mmoja unapata miwili. Nusu kwa nusu, umeshikwa.

Lakini wezi nao wamesoma. Kuna aina ya mti wa kafuri wa Uchina, Cinnamomum camphora, majani yake yanatoa linaloli kwa wingi, na ni ya mkono ule ule wa lavenda. Ukinunua hio kipimo cha mikono kinanyamaza. Basi watu wakaenda mpaka kwa atomu zenyewe. Kaboni-14 iko kwa kila mmea ulio hai leo, na hupungua nusu kila miaka 5,730 hivi, sasa petroli imekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, haina hata chembe. Linaloli ya petroli inaanguka hapo. Mwizi anafanya nini? Ananunua iliyotengenezwa kwa tapentaini ya msonobari, kaboni yake ni ya juzi. Sasa unaangalia hidrojeni nzito imekaa wapi kwa molekuli, hio njia ilitengenezwa Nantes, Ufaransa, na Gérard Martin na Maryvonne Martin miaka ya 1980, na mwanzoni ilikuwa ya kushika watu wanatia sukari kwa divai kabla haijachacha. Inafanya kazi kwa mafuta ya kunukia pia, lakini bei yake inataka uwe unanunua pipa, sio chupa.

Kwa hivyo jibu ni kwamba unaweza, na kila hatua utahitaji kujua mwenzako atakupima na nini. Mchakachuaji wa hapa tao hana haja na hio shida yote, anajua hakuna mtu atapima, anatia mafuta ya kupika na manukato ya kiwandani anaenda lunchi. Kama unataka kuona hizi mashine zikifanya kazi ya heshima tafuta nafasi ya mafunzo icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wanazitumia kusoma harufu zinazovuta wadudu na zenye zinawafukuza.

*Yale yameandikwa "daraja la tiba" ni bora? — Buda wa Umoja*

Hakuna shirika lolote la viwango linatoa hilo daraja, ni maneno ya kuuzia. Afadhali lebo yenye jina la Kilatini la mmea, sehemu ya mmea, nchi, na namba ya bechi. Na ukiona duka lenye lavenda, waridi na msandali zote ni soo tatu za mils 10, geuka utoke.

*Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nanyuki, nina robo ekari ya ti-trii na tunakeneka kwa mtambo wa kikundi. Mwaka jana bei ilikuwa mbaya tukaamua kuweka mafuta tungoje. Mwaka huu mnunuzi amepima akasema yamechakachuliwa, para-saimini imezidi na kuna kemikali za plastiki. Naapa hatujatia kitu. Jina langu limeharibika kwa kikundi. Nifanye nini? — Mwalimu*

Mwalimu, pole sana, na nakuamini. Nitakuuliza kitu kimoja: mliyaweka ndani ya nini? Kama ni ule mtungi wa manjano wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupika, umejaa nusu, umekaa stoo chini ya mabati, basi shida nimeshaiona kabla sijaiona.

Ti-trii ina kanuni yake ya kimataifa, ISO 4730. Ile ya 2017 inataka terpineni-4-oli, ile kemikali kuu ya ti-trii, iwe asilimia 35 mpaka 48, na para-saimini isizidi 8. Sasa mafuta yakipata hewa, joto na mwanga, zile terpineni zingine zinageuka taratibu kuwa para-saimini. Nusu ya mtungi ilikuwa hewa. Kila mchana bati likipata moto mafuta yanapumua, usiku yanavuta hewa mpya, mwaka mzima. Hakuna mtu ametia para-saimini, imezaliwa humo ndani. Lakini mnunuzi hana makosa kukataa, sababu mafuta yaliyozeeka hivyo huwasha ngozi kuliko mapya.

Za plastiki nazo, kuna zenye huwekwa kulainisha plastiki na kuna wachakachuaji wanazitumia kuzimulia manukato, kwa hivyo mtu wa maabara akiziona anafikiria mwizi mara moja. Mafuta ya kunukia yanayeyusha vitu, yanaweza kuwa yamezinyonya kwa mtungi, kwa kifuniko, ama kwa ule mrija mlionyonyea. Tofauti iko kwa kiasi: ya kunyonya huwa kidogo sana, ya kuzimulia huwa asilimia nzima nzima, manake hakuna mtu atahangaika kuiba tone. Mwambie mnunuzi akupe namba, asikupe neno.

Na kuna kipimo kitakachokutetea. Ile terpineni-4-oli pia ina mikono miwili, na ti-trii huitengeneza kwa uwiano wake, karibu theluthi mbili mkono mmoja na iliyobaki mkono wa pili. Mtu akitia ya kutoka kwingine uwiano unasogea. Kuzeeka kwa terpineni zile zingine hakuusogezi. Omba hicho kipimo kwa maandishi.

Kuanzia sasa wekeni kwa chuma cha pua ama chupa nyeusi za kioo, zijae mpaka shingoni, mahali pa baridi, na hakikisheni maji yote yametolewa kabla ya kufunga. Halafu safari ijayo ukishuka Nairobi usiniletee chupa moja, niletee mbili: moja umejaza kutoka kwa ule mtungi, na moja imetoka kwa mtambo wiki hio hio, kwa shamba lile lile. Tutaweka michoro juu kwa juu, na kama ni vile nadhani, milima ya terpineni itakuwa imeshuka, ule wa para-saimini umepanda, na hio karatasi ndio utasomea kikundi.